Mkamuaji wa Maziwa na Afya Yake



Ukipita saa 11 alfajiri katika vijiji vya Rungwe, Njombe, Makete au Mufindi, kabla kengele ya misa haijagongwa, utaona taa ndogo inamulika bandani. Ndani yupo mtu amechutama kando ya ng'ombe, paji la uso ameliegemeza ubavuni mwa mnyama, na ndoo iko katikati ya magoti. Mara nyingi ni mama mwenye nyumba. Nyumba nyingine ni binti wa kazi, na nyingine ni kijana aliyetoka kijiji cha mbali kutafuta riziki. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu mnaijua wenyewe, hatuna haja ya kuieleza.

Juu ya ng'ombe wa maziwa mengi yamekwisha kuandikwa: chakula chake, banda lake, magonjwa yake. Ng'ombe ana bwana mifugo wake, ana chanjo zake, ana na daftari lake. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya yule aliyechutama. Sisi wauguzi tunakutana naye wodini, na mara nyingi tunakutana naye akiwa amechelewa.

Mama aliyetibiwa mara tatu

Miaka ya nyuma alitufikia mama mmoja mwenye mimba ya miezi 5. Kisa chake tumekibadilisha kidogo ili asitambulike. Homa yake ilikuwa ya namna ya peke yake. Asubuhi hajambo, anakwenda shambani. Jioni homa inapanda. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa, na kukicha amepoa tena. Mgongo na nyonga vinamuuma, chakula hakitaki. Alikuwa amekwisha kwenda katika zahanati mbili, na kote alipewa dawa za malaria akazimaliza. Mara ya tatu alikuja kwetu. Tulimpima malaria, hakuna. Tukafikiri ni maambukizi ya njia ya mkojo, tukampa dawa akarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili aliletwa usiku kwa pikipiki, mimba imekwisha kutoka.

Aliyeligundua tatizo hakuwa daktari wala sisi wazee wa kazi. Alikuwa muuguzi wetu mdogo, mtoto wa wafugaji, wakati akimbadilishia mama huyo shuka.

"Mama, pole sana. Nyumbani mnafuga?"

"Ndiyo nesi, tuna ng'ombe mmoja wa mkopo."

"Amezaa mwaka huu?"

"Hapana, alitupa mimba wakati wa mavuno. Mimi ndiye niliyemvuta yule ndama, baba watoto alikuwa safarini."

Damu yake ilipimwa ugonjwa wa brusela, ikaonekana anao. Alitibiwa wiki 6 akapona yeye, lakini mtoto alikwisha kumpoteza. Kisa hiki tunakieleza kwa sababu kosa lilikuwa la kwetu pia. Wahudumu kadhaa tulimwona mama yule, tukamuuliza habari za kikohozi, za kuharisha na za mkojo, wala hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe.

Jinsi kazi ilivyohamia kwa mama

Wazee wetu walifuga ng'ombe wa asili, waliochungwa malishoni. Kazi ya kuchunga ilikuwa ya wavulana na wanaume, na ng'ombe mmoja alitoa maziwa kidogo tu, ya kugandisha kibuyuni. Mabadiliko makubwa yalikuja na ng'ombe wa kisasa. Shamba la serikali la Kitulo, kule juu kabisa Makete kwenye baridi, lilizalisha mitamba aina ya Friesian iliyosambazwa kwa wafugaji. Katika miaka ya 1980 na 1990 mradi wa ng'ombe wa maziwa wa Nyanda za Juu Kusini, uliogharamiwa na serikali ya Uswisi, ulifundisha familia nyingi za mikoa ya Mbeya na Iringa kufuga ng'ombe wachache ndani ya banda na kuwaletea majani. (Wakati huo Njombe na Makete zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012.) Ikaja pia mipango ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", ambapo familia hupewa mtamba na kulipa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza apewe familia nyingine. Makanisa yalishiriki sana katika kazi hiyo. Baadaye vikafuata viwanda, kama kile cha Asas pale Iringa na kile cha Njombe kilichoanzishwa kwa msaada wa Waitaliano wa CEFA.

Faida yake haina ubishi. Ada za shule zimelipwa kwa maziwa, mabati yameezekwa kwa maziwa, na watoto waliokuwa na utapiamlo tumewaona wakinenepa. Lakini ng'ombe alipoingia bandani, kazi iliondoka malishoni ikaja uani, na ya uani kwa desturi zetu ni ya mama. Ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye mwili wa kutosha anakula kiasi cha kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, anakunywa maji lita 40 na zaidi, tena kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Nani anakata yale matete? Nani anayabeba kichwani kupanda mlima wa Busokelo? Tumewauliza akina baba swali hili katika semina za ndoa, na wengi wao hucheka kwanza kabla ya kujibu.

Wakamuaji wa Uingereza na ugonjwa wa ndui

Kazi hii haikuanzia kwetu. Katika vijiji vya Uingereza vya karne ya 18 walikuwepo wasichana walioajiriwa kukamua ng'ombe, kuengua malai, kusukasuka siagi na kutengeneza jibini. Wengi walikuwa mabinti wa maskini. Waliajiriwa kwa mwaka mzima, wakilala katika nyumba ya tajiri wao, wakiamka kabla ya jua, mikono ndani ya maji baridi, na jibini walizopaswa kuzigeuza kila siku zilikuwa nzito. Kwa macho ya watu wa mjini msichana huyo alikuwa mtu wa afya na furaha, mwenye uso laini. Hawakuuona mgongo wake.

Ule uso laini, hata hivyo, ulikuwa na sababu. Siku zile ndui iliua watu wengi na waliopona waliachiwa makovu usoni. Wakulima waligundua kwamba mkamuaji aliyewahi kuambukizwa vidonda vya ndui ya ng'ombe mikononi hakushikwa na ndui ya watu. Daktari mmoja wa kijijini aitwaye Edward Jenner aliyatilia maanani maneno hayo. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kidonda mkononi mwa mkamuaji aitwaye Sarah Nelmes, akayachanjia mkono wa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye alimwekea mtoto yule ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. (Leo daktari akifanya hivyo kwa mtoto wa watu atafungwa, na ni haki.) Mapadre wetu waliosoma Kilatini watawaambia kwamba ng'ombe jike kwa lugha hiyo ni "vacca". Kutoka neno hilo Wazungu walipata jina la chanjo wanalolitumia mpaka leo.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Babu na bibi zenu wana alama ya chanjo ile begani. Waulizeni. Alama ile ilianza na kidonda katika mkono wa msichana mkamuaji.

Lakini si kila kilichotoka kwa ng'ombe kilikuwa cha kuokoa, kama tulivyoona kwa yule mama.

Brusela ni ugonjwa gani?

Wataalamu wa mifugo huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Unaletwa na kijidudu kinachokaa katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alikigundua mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta, ambako askari walikuwa wakiugua homa isiyokwisha, na kijidudu kikaitwa kwa jina lake. Ilichukua miaka mingine mpaka mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba homa ile ilitoka kwenye maziwa mabichi ya mbuzi. Mwaka uliofuata askari walikatazwa kuyanywa, na ugonjwa kati yao ukapungua upesi sana.

Katika ng'ombe dalili kubwa ni kutupa mimba, hasa kuanzia mwezi wa 5 na kuendelea, na mara nyingi kondo la nyuma linakawia kutoka. Hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Mwaka unaofuata anaweza kuzaa ndama mzima, maziwa yanatoka vizuri, na mwenye ng'ombe anasema, "Amepona." Hajapona. Kijidudu kimebaki kiweleni na katika kizazi, na anaendelea kukitoa katika maziwa na wakati wa kuzaa. Macho hayawezi kumtambua. Anatambuliwa kwa kipimo.

Kwa binadamu ugonjwa huingia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa mabichi. Ya pili ni kugusa majimaji, damu, kondo la nyuma au ndama aliyetupwa, hasa mikono ikiwa na michubuko, na mikono ya mkamuaji na mkata majani haikosi michubuko. Mtu anaweza kuanza kuugua baada ya wiki chache, na wengine baada ya miezi, hivyo anakuwa amesahau kabisa habari za siku ile ng'ombe alipotupa.

Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu usioelezeka, kichwa, maumivu ya viungo na ya kiuno, kukosa hamu ya chakula na kukonda. Wanaume wengine huvimba korodani, wakaona haya kusema. Kwa mama mjamzito ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba. Kwa sababu homa haiangushi mtu chini kwa siku moja, wagonjwa huzunguka miezi mingi, wakiambiwa ni malaria, ni typhoid, ni uzee, na wengine wanaambiwa ni kurogwa. Katika miinuko yetu ya baridi malaria si nyingi kama ilivyo Kyela au Usangu. Homa inayorudi baada ya dawa ya malaria, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, inadai maswali mengine.

Kwa hiyo tunawaomba: ukienda zahanati au hospitali una homa, sema mwenyewe bila kungoja kuulizwa, "Nafuga ng'ombe," au "Nakamua kwa watu," au "Tunakunywa mtindi wa maziwa mabichi." Sentensi hiyo moja ingemsaidia sana mama yule.

Tiba ipo. Ni dawa za aina mbili kwa pamoja, kwa kawaida kwa muda wa wiki 6. Mojawapo inaweza kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Msishtuke, si damu. Kishawishi ni kuacha baada ya wiki mbili, kwa sababu mtu anajisikia mzima na shamba linamngoja. Anayeacha mapema ugonjwa unaweza kumrudia, na mara nyingine unakaa kwenye mifupa ya mgongo. Mama mwenye mimba aseme kwamba ana mimba, maana dawa moja kati ya zile za kawaida haimfai.

Siku ng'ombe anapozaa

Hatari kubwa kuliko zote ni siku hiyo. Mama mjamzito asizalishe ng'ombe, asivute ndama, asiguse kondo la nyuma, wala asifagie banda siku hiyo. Tunajua kwamba ng'ombe hachagui saa, na mara nyingi huzaa wakati baba hayupo. Ndiyo maana mpango ufanywe mapema, kama mnavyopanga safari ya mama mwenyewe kwenda kujifungua.

Anayezalisha avae glavu ndefu, ajifunike na aproni au koti la mvua, avae buti, na asiguse macho wala mdomo. Zamani sisi wenyewe tulikuwa tukiwashauri watu wafunge mifuko ya rambo mikononi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, basi nunueni glavu katika maduka ya dawa za mifugo, mziweke tayari. Kondo la nyuma na ndama aliyetupwa vichomwe moto au vifukiwe chini sana, mbwa asivifukue. Tumekuta mahali ambapo mbwa hupewa kondo kama zawadi yake. Mbwa huyo analiburuta uani ambapo watoto wanacheza. Majani ya kulalia yachomwe, sakafu imwagiwe dawa ya kuua vijidudu, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Ng'ombe akitupa mimba mwiteni mtaalamu wa mifugo achukue damu ipimwe. Tunafahamu kwa nini watu wanaficha. Ng'ombe ni wa mkopo, ndama wa kulipia deni hajapatikana, na akionekana ana brusela ushauri ni kumwondoa, kwa kuwa ng'ombe huyo hatibiki kwa faida. Huo ni msiba wa kiuchumi kwa familia, hatutaki kuufanya mdogo. Wanaoendesha mipango ya kukopesha ng'ombe, zikiwemo kamati zetu za maendeleo za parokia, wanapaswa kumpima kila mtamba kabla hajatolewa, na kuweka wazi namna deni litakavyosamehewa au kuahirishwa mnyama akiugua. Bila hivyo tunamlazimisha maskini achague kati ya deni na mimba ya mkewe. Ipo pia chanjo ya ndama jike, inayotolewa wakingali wachanga wa miezi michache. Ichomwe na mtaalamu tu, kwa sababu dawa yenyewe ikimchoma mtu inaweza kumwambukiza.

Maziwa yachemshwe, hata ya mtindi

Hapa ndipo tunapogombana na watu. Maji ya kunywa wamekubali kuchemsha, lakini maziwa, wanasema, yakichemshwa yanapoteza nguvu. Si kweli. Vitamini chache hupungua, lakini kile kinachojenga mifupa na misuli kinabaki palepale. Wala haihitajiki kuyachemsha nusu saa mpaka yaungue. Yakoroge, yakichemka yote na kupanda, epua. Inatosha.

Ugomvi mkubwa ni wa mtindi. Wengi wanaamini kwamba uchachu wa mtindi unaua kila kijidudu. Kijidudu cha brusela na cha kifua kikuu vinaweza kuishi ndani ya mtindi kwa siku kadhaa. Nao akina bibi wanalalamika kwamba maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Ni kweli hayagandi yenyewe, kwa sababu moto umeua hata vile vijidudu vizuri vinavyogandisha. Basi mfanye hivi: chemsheni maziwa, yaacheni yapoe mpaka yawe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto, kisha mtie kijiko kimoja au viwili vya mtindi mzuri uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, mfunike, mwache mahali penye joto mpaka kesho. Kibuyu au chombo kioshwe na kumwagiwa maji ya moto kwanza. Sisi tumekula mtindi wa namna hiyo nyumba nyingi, na ladha yake haina kasoro.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kipo katika nyanda hizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro walikipata walipowapima ng'ombe wa Nyanda za Juu Kusini. Kikipita katika maziwa mara nyingi hakianzii kifuani. Kinaanza kwenye mitoki ya shingo, hasa kwa watoto, au tumboni. Uingereza watoto wengi walikufa kwa ugonjwa huo mpaka maziwa yalipoanza kuchemshwa viwandani na ng'ombe wagonjwa kuondolewa. Mtoto mwenye mitoki shingoni isiyouma na isiyopungua kwa wiki kadhaa aletwe hospitali, asichanjwe kwa wembe. Na kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, tunakumbusha kwamba mtu anayeishi na VVU huzidiwa upesi na kifua kikuu cha aina yoyote. Katika nyumba yake maziwa mabichi yasiwepo kabisa.

Mikono na mgongo

Wakamuaji wengi huota vinundu vidogo vyekundu vidoleni, vinavyotokana na vidonda vya chuchu za ng'ombe. Vinatisha lakini kwa kawaida vinapona vyenyewe baada ya wiki chache. Vifunikwe kwa kitambaa safi, visitumbuliwe. Kuosha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kukamua, kuosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa chake, humlinda mkamuaji na maziwa pia.

Juu ya mgongo tuna mengi ya kusema na nafasi ni ndogo. Kigoda cha kukamulia si anasa. Fundi wa kijijini anakitengeneza kwa saa moja, na kuchutama nusu saa asubuhi na jioni kwa miaka 20 kunaharibu magoti. Mzigo wa matete ufungwe mara mbili badala ya mmoja mkubwa. Mama aliyejifungua asibebe majani kichwani kwa wiki 6 walau; tumewaona wengi mno wenye kizazi kilichoshuka, nao wanaficha kwa aibu miaka mingi. Panapowezekana matete yapandwe karibu na banda, kwenye makinga maji ya shamba. Baiskeli na toroli vya nyumbani visiwe vya kubebea mbolea na mahindi tu.

Binti na kijana wa kazi

Tunafika kwa yule ambaye hana wa kumsemea. Binti anayekamua kwa watu anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na akipata homa anaambiwa ni mvivu. Tumempokea mmoja ambaye kwa miezi alikuwa akinywa maziwa mabichi bandani kwa siri, ndooni, kwa sababu mezani hapewi. Ya mezani yalikuwa yamechemshwa. Alipougua alirudishwa kwao na nauli tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na kazi anazopewa mtoto aliyetimiza umri huo zisimdhuru wala zisimnyime shule. Aliye mkubwa apewe glavu, buti, kigoda na kikombe chake cha maziwa yaliyochemshwa, na akiugua kutokana na ng'ombe wako gharama za matibabu ni zako. Tarehe 1 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Brigida wa Ireland, anayejulikana kama msimamizi wa wakamuaji. Jumuiya Ndogo Ndogo zenye wafugaji zingeweza siku hiyo kuwaita wakamuaji wote, wenye ng'ombe na walioajiriwa, na mhudumu wa afya awaulize habari za homa zao.

Maswali yenu

Mama mmoja ametuuliza kama mtoto wa miezi 3 anaweza kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Hapana. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka 1. Kama mama hayupo au hana maziwa, mleteni mtoto kliniki tuzungumze.

Mwingine, wa WAWATA, ameuliza kama mjamzito aache kabisa kukamua. Ng'ombe akiwa amepimwa na ni mzima, anaweza kuendelea kukamua mpaka tumbo litakapomzuia, mradi anawe mikono vizuri na maziwa yachemshwe. Ng'ombe akiwa hajapimwa, au ametupa mimba, au anakaribia kuzaa, mtu mwingine ashike ndoo. Baba akiwa safarini, aitwe jirani.